Vitabu vya Chama na Ufunguo Wake

Somo juu ya kuhifadhi kumbukumbu za chama katika kompyuta na katika wingu

Kila chama cha msingi kina vitu viwili ambavyo wanachama hawakubali vichezewe: mizani na vitabu. Mizani huonekana na kila mtu siku ya kupokea mazao. Vitabu havionekani mpaka siku ya ugomvi. Mkulima wa kahawa wa Rungwe aliyepeleka kilo zake mwezi wa Julai na kupokea malipo ya kwanza, hana ushahidi wa kudai malipo ya pili ila stakabadhi yake na mstari mmoja wenye jina lake katika leja ya chama. Stakabadhi ikilowa mvua au ikitafunwa na panya, mstari ule ndio unaobaki.

Katika vyama vingi mstari huo umehama. Zamani ulikuwa katika kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kilichofungiwa kabatini. Leo umo katika jedwali la kompyuta. Picha za stakabadhi hupigwa kwa simu, na orodha ya wanachama yenye namba za simu, namba za vitambulisho vya taifa, ekari na madeni ya mbolea hutumwa kutoka ofisi hadi ofisi kwa kitambo cha kufumba na kufumbua. Kazi imekuwa nyepesi. Lakini kompyuta ya ofisi huibwa, huanguka, hulowa, huunguzwa na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, na huingiliwa na virusi. Kwa sababu hiyo makatibu wengi wameshauriwa, mara nyingi na watoto wao wenyewe, waweke vitabu vya chama "katika wingu".

Ushauri huo si mbaya, ila haujakamilika. Somo hili linaeleza namna ya kufunga vitabu kabla havijaondoka ofisini, kwa programu ambazo mtaalamu yeyote anaweza kuzikagua, na namna ya kutunza ufunguo wake ili uwe mali ya chama.

WINGU NI NINI

Jina la wingu lisimbabaishe msomaji wa Tukuyu, ambako mawingu hayajapata kuadimika. Wingu linalosemwa hapa ni kompyuta za mtu mwingine: majumba makubwa yenye maelfu ya kompyuta, yaliyojengwa Ulaya, Marekani, Afrika Kusini na kwingineko, yanayotunza mafaili ya watu kwa malipo, au bure kwa kiasi kidogo. Google hutoa nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo, Dropbox hutoa gigabaiti 2. Leja ya wanachama 400 iliyoandikwa katika jedwali kwa kawaida haifiki megabaiti moja. Picha ndizo nzito. Picha 1,000 za stakabadhi, kila moja ikiwa na megabaiti 3, ni gigabaiti 3. Kwa hiyo chama kidogo kinaweza kuhifadhi vitabu vya msimu mzima bila ada yoyote, mbali na bei ya bando la kuvipandishia.

Huduma hizi hufanya pia kazi iitwayo kulandanisha. Katibu akibadilisha tarakimu moja katika kompyuta ya ofisi, badiliko hilo hujiandika lenyewe katika wingu na katika kompyuta ya mhasibu. Hapo faida na hatari zimekaa kiti kimoja. Anayefuta kwa bahati mbaya hufuta kila mahali. Mwezi wa Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 100, kikifunga mafaili ya watu na kudai malipo ili kuyafungua. Faili lililoharibiwa namna hiyo likilandanishwa, hufuta pia nakala nzuri iliyokuwa mahali pengine. Baadhi ya huduma hutunza matoleo ya zamani ya faili kwa siku kadhaa, mara nyingi siku 30, lakini katibu asiyefungua leja mpaka msimu ufike atagundua hasara baada ya siku hizo kupita. Kwa hiyo inampasa kuwa na nakala ya akiba isiyolandanishwa, katika diski ya nje au flashi inayochomekwa siku ya kunakili tu, kisha hurudishwa kashani.

Wala wingu lenyewe halina ahadi ya milele. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kompyuta la kampuni ya OVHcloud liliteketea kwa moto mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja wasiokuwa na nakala mahali pengine walipoteza mafaili yao. Karibu zaidi na nyumbani, tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikadhoofika mno Tanzania. Siku kama hiyo, katibu ambaye vitabu vyake vimo katika wingu peke yake hana kitu cha kumwonyesha mkulima aliyesimama dirishani.

KWA NINI VITABU VIFUNGWE

Wanachama huuliza swali la haki: ushirika ni uwazi, basi kwa nini vitabu vifungwe?

Jibu ni kwamba hesabu za chama ni za wanachama wote, na mkutano mkuu una haki ya kuzisikia na kuzihoji. Lakini deni la mwanachama mmoja mmoja, namba ya kitambulisho chake na namba ya simu yake si za kila mpita njia. Mlanguzi anayezunguka vijijini kununua kahawa ikiwa bado mtini hana atakachofurahia kuliko orodha ya wakulima wenye madeni mazito, pamoja na namba zao za simu. Huko Kyela, ambako kakao huuzwa kwa mnada, aliyeziona kilo zilizomo ghalani kabla ya mnada amekwisha kujua nusu ya siri ya muuzaji. Tapeli wa simu naye hahitaji zaidi ya jina, kijiji na kiasi cha malipo yanayosubiriwa ili apige na kujidai kuwa ni karani wa chama.

Tena ipo sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, inaweka masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi, na imeunda Tume ya kuisimamia. Orodha ya wanachama wa chama cha msingi ni taarifa binafsi, na kuitupa wazi katika kompyuta ya ng'ambo si jambo la katibu kuamua peke yake. Bodi ilizungumze na uamuzi uandikwe katika muhtasari.

MAKUFULI MATATU

Kufunga faili la kompyuta kunaitwa kusimba. Maandishi hugeuzwa kwa hesabu ngumu yakawa mchanganyiko wa alama usiosomeka, na asiye na ufunguo hawezi kuyarudisha. Kanuni inayotumiwa zaidi duniani inaitwa AES. Ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na serikali ya Marekani ikaipitisha kuwa kipimo rasmi mwaka 2001. Wanaoiba mafaili mara chache huivunja kanuni yenyewe. Huutafuta ufunguo. Kwa hiyo swali la kwanza la katibu kwa huduma yoyote na liwe hili: ufunguo uko kwa nani?

Chukulia kifurushi cha vitabu kinachopelekwa kwa basi kutoka Tukuyu hadi Dar es Salaam. Kwa namna ya kwanza, buti la basi hufungwa safari nzima, lakini basi likifika kifurushi huwekwa mezani wazi. Kwa namna ya pili, kampuni ya basi hukiweka katika stoo yake yenye kufuli, na ufunguo wa stoo umo mfukoni mwa karani wa kampuni. Kwa namna ya tatu, mwenye vitabu huvitia katika sanduku lake na kulifunga kwa kufuli lake mwenyewe kabla ya kulikabidhi. Kondakta, karani na mwizi wa stoo wote huona sanduku tu.

Huduma nyingi za wingu hutoa kufuli la kwanza na la pili, nazo husema kweli zinapojisifu kwamba mafaili yamesimbwa. Hata hivyo ufunguo uko kwao, na anayeingia kwa akaunti ya mteja huingia kwa ufunguo huo huo. Mwaka 2016 ilijulikana kwamba anwani na maneno ya siri yaliyosimbwa ya akaunti zaidi ya milioni 68 za Dropbox yalikuwa yameibwa tangu mwaka 2012. Miaka minne ni muda mrefu wa kulala mlango wazi. Chama kinachohifadhi taarifa za wanachama kinahitaji kufuli la tatu.

Neno moja juu ya WhatsApp, kwa kuwa ndiyo njia inayotumiwa zaidi. Tangu mwaka 2016 ujumbe wake hufungwa kwa kufuli la tatu njiani. Lakini picha ya leja ikifika, hukaa wazi katika simu ya kila mtu wa kundi, pamoja na simu ile itakayouzwa mwakani kwa mtu asiyejulikana.

PROGRAMU HURIA

Mwaka 1883 mwalimu mmoja nchini Ufaransa, Auguste Kerckhoffs, aliandika kwamba chombo cha kusimba hakina budi kubaki salama hata kikiangukia mikononi mwa adui. Siri iwe katika ufunguo peke yake. Kufuli ambalo usalama wake unategemea watu kutojua lilivyoundwa huwa bovu siku fundi wake anapohama.

Kanuni hiyo ndiyo sababu ya kuchagua programu huria kwa kazi hii. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya asili, yaani maelekezo yote yanayoiongoza kompyuta, yamewekwa hadharani ili mtu yeyote ayasome, ayasahihishe na kuyaendeleza. Watanzania si wageni wa jambo hili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, jambo lililowezekana kwa sababu maandishi ya asili ya OpenOffice yalikuwa wazi kwa kila mtu. Wizara ya Afya nayo hutumia DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, kukusanya takwimu za hospitali na zahanati.

Mwanaushirika ataielewa hoja hii upesi. Chama kinachosema "hesabu zetu ni safi, ila hatuonyeshi vitabu" hakiaminiwi na mtu. Kampuni inayosema "programu yetu ni salama, ila haikaguliki" inaomba imani ya namna hiyo hiyo.

Hata hivyo uwazi peke yake haumalizi kazi, kama vile kuweka vitabu wazi kusivyosaidia pasipo mtu wa kuvisoma. Kosa kubwa lililoitwa Heartbleed lilikaa katika programu huria ya OpenSSL kwa takriban miaka miwili kabla ya kugunduliwa mwezi wa Aprili 2014. Upande mwingine, mwezi wa Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopenyezwa kwa makusudi katika programu huria iitwayo xz, kabla haujaenea. Alianza kwa kushangaa kwamba kompyuta yake inachelewa kwa sehemu ya sekunde, akafuatilia mpaka chanzo, kwa kuwa maandishi yalikuwepo ya kufuatilia. Faida nyingine ni kwamba programu huria haifi na mwenyewe. Waundaji wa TrueCrypt, iliyotumiwa sana kufunga diski, waliacha kazi ghafla mwezi wa Mei 2014. Wengine walikuwa wameshachukua maandishi yake na kuunda VeraCrypt, ambayo inafaa hadi leo kwa kufunga flashi au diski ya akiba iliyotajwa juu.

SANDUKU LA CHAMA CHA MSINGI

Kwa chama chenye kompyuta moja au mbili na akaunti ya wingu, chombo kinachofaa kuanza nacho ni Cryptomator, programu huria iliyotengenezwa Ujerumani. Haina gharama katika kompyuta; katika simu baadhi ya huduma zake hulipiwa. Kazi yake ni moja tu, na huifanya vizuri: hutengeneza sanduku lililofungwa ndani ya folda ile ile inayolandanishwa na wingu.

Katibu huipakua kutoka tovuti ya wenyewe, wala si kwa flashi ya rafiki. Hutengeneza sanduku, hulipa jina, na kuliwekea neno la siri. Akilifungua, sanduku huonekana katika kompyuta kama diski mpya, naye huweka leja, mihtasari na picha za stakabadhi humo kama afanyavyo siku zote. Kila faili husimbwa kabla ya kutoka. Anayechungulia katika wingu, hata akiwa mwenye jumba la kompyuta, huona mafaili yenye majina yasiyo na maana, kwa kuwa majina nayo husimbwa. Jioni katibu hulifunga sanduku kabla ya kuondoka.

Mambo mawili huharibu kazi hii njema. La kwanza ni kusahau nakala wazi nje ya sanduku: leja iliyonakiliwa juu ya meza ya kompyuta "kwa muda", ikabaki pale mwaka mzima. La pili ni watu wawili kuandika faili moja kwa wakati mmoja, mmoja Tukuyu na mwingine Mbeya mjini. Programu haiwezi kujua nani ana haki, nayo huacha mafaili mawili yanayopingana. Bodi iteue mwandishi mmoja wa kila kitabu, wengine wasome.

Chama kisichotaka wingu kabisa, au ambacho bando ni ghali kwake, kinaweza kutumia Syncthing, programu huria iliyoanza mwaka 2013. Hii haina kompyuta ya katikati. Mashine za chama hulandanishwa zenyewe kwa zenyewe, kwa njia iliyosimbwa, na kila mashine hukubali zile tu ambazo mwenyewe amezisajili. Zikiwa ofisi moja kwenye kisambazaji kimoja cha mtandao, hunakiliana bila kutumia intaneti hata kidogo, jambo lenye manufaa makubwa kwa ofisi ya karani wa ghala na ofisi ya katibu zinazotenganishwa na uwanja wa kuanikia. Zikiwa mbali, mashine zote mbili sharti ziwe zimewashwa kwa wakati mmoja, na hapo umeme wa vijijini huleta maneno yake. Mafaili hukaa wazi ndani ya kila mashine, kwa hiyo diski zenyewe zifungwe. Utaratibu wa kutunza matoleo ya zamani hauji umewashwa. Katibu auwashe siku ya kwanza. Programu rasmi ya Syncthing kwa simu za Android ilisimamishwa mwaka 2024, na watu wengine wakaendeleza tawi lake. Kwa vitabu vya chama ni afadhali kubaki na kompyuta.

Chombo cha tatu, Nextcloud, kinakifaa chama kikuu zaidi ya chama cha msingi. Kilianzishwa mwaka 2016 na Frank Karlitschek na wenzake kutokana na programu ya ownCloud, na mwaka 2018 ofisi ya kompyuta ya serikali kuu ya Ujerumani ilikichagua kwa watumishi wake. Kwa Nextcloud chama kikuu huweka wingu lake chenyewe: seva moja mjini Mbeya au Iringa, na vyama wanachama huweka mafaili yao humo badala ya kuyapeleka ng'ambo. Wazo hilo linapendeza, na ndiyo maana linahitaji tahadhari. Seva hutaka umeme usiokatika, fundi wa kuisasisha kila mara, na nakala ya akiba katika jengo jingine. Tena, isipowekwa vinginevyo, fundi anayeisimamia anaweza kusoma mafaili ya vyama vyote. Kufuli la tatu lipo katika Nextcloud, lakini huwashwa kwa folda zilizochaguliwa tu. Chama kikuu kisicho na fundi wa kudumu kisubiri, au kijadiliane kwanza na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya au Chuo Kikuu cha Iringa. Seva iliyoachwa miaka miwili bila kusasishwa ni hatari kuliko leja ya karatasi.

UFUNGUO NI WA NANI

Sehemu hii ndiyo yenye uzito, maana hapa kompyuta haisaidii.

Kufuli la tatu lina ukali mmoja. Neno la siri likipotea, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Kampuni haina ufunguo, waundaji wa programu hawana, polisi hawana. Chukulia chama chenye wanachama 300 ambacho katibu wake alifunga vitabu vyote vizuri, akaliweka neno la siri kichwani, kisha akafariki kwa ajali ya pikipiki mwezi mmoja kabla ya malipo ya pili. Vitabu viko salama kabisa. Hakuna atakayevisoma tena, wala mwizi wala mjane wa mwanachama anayedai haki ya mumewe. Chukulia tena chama ambacho katibu ameondolewa na mkutano mkuu baada ya ugomvi, naye ameondoka na neno la siri. Sasa mtu aliyeachishwa kazi ana nguvu kuliko bodi iliyomwachisha.

Vyama viliyajua haya zamani katika jambo la kasha la fedha. Mtu mmoja hakuachiwa kasha na ufunguo pamoja. Utaratibu ule ule unafaa hapa, na unaweza kufuatwa hivi.

Siku ya kutengeneza sanduku, katibu, mwenyekiti na mjumbe mmoja wa bodi wakae pamoja. Neno la siri lichaguliwe kwa bahati nasibu. Jina la chama, mwaka wa kuandikishwa, jina la mtoto na methali zote zikataliwe. "Umoja ni nguvu" ndilo jambo la kwanza atakalojaribu mtu anayetaka kuingia katika vitabu vya ushirika. Njia rahisi ni kuandika maneno ya kawaida mia kadhaa katika vipande vya karatasi, kuvitia kapuni, kuchanganya, na kuchomoa saba bila kuangalia. Maneno saba yasiyohusiana, yakiandikwa mfululizo, hukumbukwa baada ya siku chache za kuyatumia, lakini kompyuta ya mwizi haiwezi kuyabahatisha kwa muda wa maisha ya mtu. Kapu litumike siku hiyo tu na karatasi zichomwe.

Cryptomator huweza pia kutoa ufunguo wa akiba, ambao ni mfululizo mrefu wa maneno ya Kiingereza unaofungua sanduku hata neno la siri likisahauliwa. Huo unakiliwe kwa mkono, herufi kwa herufi, mmoja akisoma na mwingine akihakikisha. Neno la siri na ufunguo wa akiba vitiwe katika bahasha mbili zinazofanana, zifungwe kwa gundi, na wote watatu watie sahihi na tarehe juu ya mkunjo. Bahasha moja iwekwe katika kasha la chama. Ya pili ipelekwe mahali pengine penye kufuli, mbali na ofisi: chama kikuu au benki. Tendo lote liandikwe katika muhtasari wa bodi, bila kuandika neno lenyewe.

Bahasha ikifunguliwa, muhtasari ueleze nani alifungua, mbele ya nani, kwa sababu gani. Katibu anapoondoka, makabidhiano yasihesabiwe kuwa yamekwisha mpaka mrithi wake amelifungua sanduku mwenyewe, katika kompyuta nyingine, mbele ya mwenyekiti.

Hapa kuna jambo la kifundi ambalo wengi hawalijui. Kubadilisha neno la siri la sanduku hakubadilishi ufunguo wa akiba. Aliyenakili ufunguo wa akiba zamani anaweza kuutumia hata baada ya neno la siri kubadilishwa, iwapo bado anayafikia mafaili. Kwa hiyo katibu akiondoka kwa ugomvi, bodi ibadilishe neno la siri la akaunti ya wingu siku hiyo hiyo, itengeneze sanduku jipya lenye ufunguo mpya, ihamishie vitabu humo, na ifute la zamani. Ni kazi ya alasiri moja.

Akaunti ya wingu nayo iandikishwe kwa anwani ya chama na namba ya simu inayomilikiwa na chama. Akaunti iliyofunguliwa kwa namba binafsi ya karani itaondoka na karani.

KUJARIBU NA KUKAGUA

Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haihesabiwi. Mara moja kila miezi mitatu, mjumbe wa bodi asiye katibu achague jina moja la mwanachama kwa kubahatisha. Katibu alete nakala ya wingu na nakala ya diski, azifungue katika kompyuta ambayo si ya ofisi, na mstari wa mwanachama huyo usomwe katika zote mbili na kulinganishwa na stakabadhi ya karatasi. Zikitofautiana, sababu itafutwe siku hiyo, kabla mkulima hajaja kuuliza.

Kufunga vitabu kusigeuke kuwa kisingizio. Mkaguzi wa COASCO akifika, vitabu vifunguliwe mbele yake na apewe nakala anazostahili. Taarifa zinazopelekwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kupitia mfumo wa MUVU ziendelee kupelekwa. Mfumo huo hauchukui nafasi ya leja ya chama wala ya picha za stakabadhi. Na vitabu vya karatasi visitupwe kwa furaha ya kompyuta. Stakabadhi yenye sahihi ya mkulima ina nguvu ambayo jedwali halina, nayo husomeka hata umeme ukikatika.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA KUNDI

1. Kompyuta ya ofisi ikiibwa usiku wa leo, chama kitamlipa mkulima wa kwanza kesho kwa kutumia kitabu gani? Ni kazi ya siku ngapi itakuwa imepotea?

2. Ni watu wangapi, walio ndani na walioondoka, wanaoweza kuisoma orodha ya madeni ya wanachama hivi sasa? Hesabuni na simu.

3. Mwanachama anasema: "Bahasha ya pili ikikaa chama kikuu, chama kikuu kitatusoma." Mwingine anajibu kwamba bahasha zote mbili zikikaa kijijini, moto mmoja utazila zote. Kundi lijadili na kupendekeza kwa bodi mahali pa kuiweka bahasha ya pili, pamoja na utaratibu wa kukagua kila mwaka kwamba sahihi za juu ya mkunjo hazijavunjwa.